Nina vidonda vya utumbo mpana na lazima nifike Iringa kwa basi. Mliozoea mnasafirije?

Binti wa Segerea:
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho, na tafadhali asinishauri mtu juisi ya kabichi. Hivi si vidonda vya tumbo. Ni utumbo mpana wenyewe unaovimba na kutoka vidonda. Niligundulika mwaka 2021 kwa kipimo cha kamera, baada ya miezi saba ya kuharisha damu huku nikitibiwa amiba na taifodi kila kona ya Dar. Natumia mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, kila siku. Siku nzuri naenda chooni mara tatu, siku mbaya mara nane, na likinishika halisubiri. Nina dakika mbili, tatu zikizidi.

Mdogo wangu wa mwisho anaolewa Iringa mwezi ujao. Mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo suala la kutokwenda halipo. Gari la kukodi siliwezi.

Mara ya mwisho ilikuwa 2023. Nilipanda basi la saa 12 asubuhi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Sikuwa nimekula tangu jana yake mchana, nikiamini tumbo tupu halina cha kunisumbua. Tulipoingia hifadhi ya Mikumi likanishika. Nikamfuata konda, nikamwambia kwa kunong'ona. Akanijibu basi zima likasikia: "Humu hakuna kushuka, kuna simba!" Ni kweli hairuhusiwi, najua, lakini watu waligeuka wote kunitazama. Yaliyofuata sitayasimulia. Mama mmoja wa kiti cha nyuma alinipa kanga yake, ya bluu yenye korosho pindoni, hakuniuliza neno. Tangu siku ile sijapanda basi la mkoani.

Mnakula nini? Mnakaa wapi? Mnamwambia nani?

Mama Kimara:
Pole sana mwanangu. Mimi nina ugonjwa wa Crohn, nao ni wa utumbo kuvimba kama wako, huu mwaka wa kumi na moja. 2017 niliondolewa kipande cha utumbo. Kila Desemba naenda Makambako kwa basi, hiyo njia yako naijua choo kwa choo.

Nianze na hilo la njaa, maana nami nililifanya miaka mingi. Kushinda na njaa hakufungi utumbo. Utumbo uliovimba unatoa ute, maji na damu hata kama hukula, na wewe unabaki unatetemeka, kizunguzungu, huna nguvu ya kujibana. Kinachosaidia ni saa ya kula. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana nao huanza kusukuma, na asubuhi husukuma kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mimi basi likiwa la saa 12, naamka saa nane usiku. Nakunywa uji mwepesi wa mchele, nusu kikombe, na ndizi mbivu moja. Halafu nakaa nyumbani, karibu na choo changu, mpaka tumbo limalize shughuli yake. Linaweza kuniita mara mbili au tatu, sawa, liite nikiwa kwangu. Saa kumi na nusu ndipo naita bajaji. Chai ya maziwa na kahawa siku hiyo hapana. Njiani natafuna mkate mweupe kidogo kidogo na kunywa maji kwa mafunda madogo. Wewe utajua vyako, maana mwenzangu mmoja wa kliniki anakula chapati hazimfanyi kitu, mimi zikinigusa tu nimekwisha.

Choo: Msamvu, stendi ya Morogoro, shuka uende, hata kama husikii chochote. Usiseme "bado". Mbele yako kuna kama kilomita 50 za hifadhi ambazo hakuna kusimama. Ukitoka hapo ni Mikumi mjini, kisha Ruaha Mbuyuni wanakouza vitunguu. Hapo tena shuka, kwa sababu mlima Kitonga lori likiharibika kwenye kona mtakaa.

Mkoba wangu wa begani, usioingia kwenye buti: dawa zote, dera la kubadilisha, kanga mbili, sabuni, mifuko ya plastiki ya kufungia nguo, na chupa mbili za maji. Ya kutawazia naifunga raba shingoni ili gizani nisiichanganye na ya kunywa. Vyoo vingi vya njiani kopo lipo, maji hakuna. Na chenji ya sarafu iwe mkononi tayari, usifike mlangoni ukaanza kutafuta noti huku umejibana. Vaa dera, usivae suruali ya kubana. Kifungo kimoja cha jinzi kinakula sekunde ambazo huna.

Na nepi ya watu wazima, mwanangu, vaa. Nililia siku ya kwanza kuinunua. Sasa nailalia usingizi hadi Morogoro.

Konda wa Zamani:
Dada, nimefanya ukonda miaka tisa, njia ya Mbeya. Huyo aliyekujibu vile alikosea, nakuomba radhi kwa niaba yetu.

Nikuambie linavyokuwa upande wetu. Abiria anayekuja gari likiwa mwendo, anasema "simamisha", tunamchukulia kama wale kumi waliotangulia. Anayenifuata stendi kabla hatujaondoka, nikiwa bado na karatasi ya abiria mkononi, huyo nimeshamwandika kichwani. Mwambie hivi: "Kaka, naumwa utumbo, nikinyoosha mkono siwezi kusubiri hata dakika tano." Basi. Dereva naye mpitie, yeye ndiye mwenye breki. Kuchimba dawa, yaani kujisaidia porini, dakika tatu hakumchelewishi mtu.

Tiketi kata siku kadhaa kabla, ofisini, safu ya kwanza upande wa mlango. Na basi likisemwa lina choo, uliza kama kinafunguliwa. Vingine nimeviona vimejaa maboksi.

Nesi wa Mbagala:
Nyongeza kwenye dawa. Loperamidi, ile ya kufunga kuharisha, usiinunue tu ukameza kwa ajili ya safari. Ugonjwa ukiwa umechachamaa, yaani damu nyingi, homa, tumbo kujaa, inaweza kuufanya utumbo mpana utanuke na ikawa dharura. Muulize daktari wako kwanza. Kama kuna anayesoma hapa na anatumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, asiikatize ghafla hata siku moja kwa kuwa kaisahau Dar. Beba pakiti za ORS, unga wa kuchanganya na maji kurudisha maji na chumvi mwilini. Zikiisha: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi usizidishe.

Msafiri wa Reli:
Kwa nini usipande SGR, treni ya umeme? Choo kipo ndani ya behewa, Morogoro unafika chini ya saa mbili. Au nenda nayo hadi Dodoma, kisha basi la Iringa kupitia Mtera, hifadhi ya Mikumi huioni kabisa.

Mama Kimara:
Wazo zuri. Ila akishukia Morogoro asidandie basi linalotoka Dar, litakuja limejaa, atapewa kiti cha nyuma kabisa. Atafute linaloanzia Msamvu.

Binti wa Segerea:
Nimerudi juzi. Nilichukua treni hadi Morogoro, bajaji kutoka stesheni ya Kihonda hadi Msamvu, kisha basi linaloanzia pale. Konda kijana mdogo. Nilimwonyesha kadi ya kliniki, akaniuliza, "Ni kama sukari?" Nikamwambia hapana, ni utumbo. Akaondoa begi lake kiti cha mbele, akanikalisha.

Mikumi nilipita nimeshika kiti kwa mikono miwili, moyo unadunda, lakini tumbo lilinyamaza. Likanishika baada ya Ruaha Mbuyuni, kabla hatujaanza kupanda Kitonga, japo nilishashuka pale. Nilinyoosha mkono. Gari likasimama. Wakashuka na wanaume wawili na bibi mmoja, bibi akaniambia, "Ahsante mwanangu, nilikuwa naona haya kuomba."

Harusini pilau niliiacha, nilijipikia wali mweupe na kuku wa kuchemsha. Nilimfunga mdogo wangu kilemba mwenyewe.

Mama Kimara, shikamoo, na Mungu akulipe. Jambo moja limebaki. Yule mama wa 2023 alishukia Ilula, alikuwa na ndoo mbili nyeupe na mjukuu wa kama miaka mitano. Kama yupo anayemfahamu, kanga yake ninayo. Nimeifua na kuipiga pasi.