Mbona drama za TV zikiwa na watu wengi huwapoteza njiani?

mtu_wa_kuze

Salaam aleikum wadau. Nina swali limenikaa kooni tangu Ramadhani iishe na nyumbani washachoka kunisikiza kwa hivyo naleta hapa.

Kwetu saa moja na nusu usiku TV ni ya mama, rimoti haiguswi, hata iwe fainali utaenda kuitazama kwa jirani. Kwa hivyo drama nazijua kwa lazima sio kwa kupenda (haya, kwa kupenda kidogo). Maria nimeiona ikianza 2019, ikaja Zora 2021, halafu Sultana 2022, zote za kina Lulu Hassan na Rashid Abdalla, na mama hakukosa hata alipokuwa na homa. Sasa kuna nyingine, jina siitaji manake mji wetu mdogo, imeanza na harusi. Episodi ya kwanza tu nimehesabu watu 16, kila mmoja kaletwa kwa jina lake na muziki wake, bwana harusi, babake, mamake, mke mdogo wa babake, yule kaka wakili, mke wa wakili, dereva, mlinzi, hadi fundi cherehani aliyeshona nguo ya bibi harusi naye ana siri yake. Nikasema hii itakuwa tamu.

Wiki ya nne kaka wakili "ameenda Nairobi kikazi." Mpaka leo hajarudi. Na mkewe alikuwa mjamzito, tumbo hili hapa, wiki iliyofuata katoka na gauni la kubana tumbo limelala kama meza ya kupigia pasi na nyumba nzima hakuna aliyeuliza!! Mama kila siku ni swali moja tu, "huyu ni nani tena?" Namwambia ni yule shemeji. "Shemeji yupi?" Yule aliyepigwa kofi. "Wote wamepigwa kofi."

Alhamisi ndo ikanishinda. Wamekusanyika sebuleni kusomewa wasia wa mzee, watu 11, kila mmoja na glasi ya juisi ya ukwaju ambayo hainywewi. Mama mkubwa akasema "huyu si mwanangu" basi kamera ikaanza ule mchezo wake, uso, dum, uso, dum. Nikatoa simu nikapima, sekunde 48 mpaka mtu ajibu. Kuna shangazi mmoja uso wake umekuja mara tatu na episodi nzima hakusema hata "eh."

Swali langu, tatizo ni pesa, ni mwandishi, au watu wengi haiwezekani tu? Kwa nini ualike 16 na una sahani tano?

---

bi_kibokoni

Umenichekesha mwanangu, "wote wamepigwa kofi" wallahi nimemsomea mume wangu.

Wengi sio tatizo. Mimi nimelelewa nyumba moja ya Mji wa Kale tulikuwa watu 14, jiko moja, choo kimoja, na ngazi ile nyembamba kwamba mmoja akipanda mwengine lazima asubiri chini. Hukuweza kumsahau mtu hata ukitaka. Ami alikuwa akikaa chooni mpaka adhana ya pili, kwa hivyo watoto wa shule walichelewa, kwa hivyo mama yao alinuna, kwa hivyo chai ya siku hiyo ilikuwa maji matupu. Mtu mmoja amekaa chooni watu 13 wameharibikiwa siku. Hiyo ndo drama.

Sasa tazama hizo zenu. Kila mtu ana chumba chake na kitanda kikubwa, ana gari lake, ana simu yake, hakuna anayemhitaji mwenziwe kwa lolote. Ndo maana wanaongea peke yao! Hamjaona? Mtu yuwasimama dirishani yuwasema na pazia, "nitakuonyesha, hunijui mimi." Yuwamwambia nani? Hana wa kumwambia, mwandishi hakumpa jamaa wala adui wa karibu, kampa chumba tu. Mimi nikimuona mtu wa tatu yuwaongea na pazia nazima.

---

kibarua_wa_seti

Nimekaa kimya sana humu lakini hii inanihusu. Niliwahi kufanya kazi kwenye seti upande wa Mtwapa, wiki saba, kazi ya kushika hiki na kile, sitasema ya nani kwa sababu mpaka leo nadai siku tisa na bado nina matumaini.

Bi Kibokoni yuko sawa kwa upande wa stori ila mwandishi unayemlaumu mara nyingi anaandika akiwa amefungwa mikono. Nyumba ya kushutia inakodiwa kwa siku. Ukishaingia sebuleni unapiga sini zote za sebuleni, siku moja mnaweza kupiga sini ya episodi ya 12, ya 19 na ya 31, watu wanabadilisha nguo tu nyuma ya mlango. Na mwigizaji analipwa kwa siku aliyoitwa. Sasa yule wakili ofisi yake iko nyumba nyingine, kumpiga ofisini ni siku yake peke yake, usafiri, chakula, mataa yahamishwe, kwa sini mbili. Mwenye hesabu akitazama karatasi yake anamuuliza mwandishi, huyu lazima? Hapo ndo wakili anapelekwa Nairobi. Nairobi ni kaburi la waigizaji, nawaambia.

Na ile mimba naomba niwatetee wenzangu kidogo. Mimba ni mto. Wetu ulishonwa kwa kanga kuukuu ukajazwa sufi na una kamba mbili za kufunga mgongoni, na ulikaa kwenye boksi la nguo. Siku moja boksi likapandishwa gari linaloenda Kilifi kwa sini za baharini na yule dada akabaki Mtwapa na sini zake nne na mwenye nyumba anataka nyumba yake saa kumi na mbili. Dairekta akasema mpige kiunoni kwenda juu. Basi kamera ikamsahau ikashuka.

Zile sekunde 48 za nyuso nazo zina sababu. Ukimpa kila mtu neno la kusema lazima kamera imfuate, taa zimfuate, akikosea mrudie, na watu 11 ni 11 wa kukosea. Lakini uso mtupu ni rahisi, unamwambia shangazi "tazama huku, shtuka, ahsante," anayefuata. Na kwa vile siku hiyo wote washalipwa, wote watakaa humo hata kama hawana kazi.

Halafu piga hesabu, drama ya nusu saa ukitoa matangazo unabaki kama na dakika 22. Gawanya kwa watu 16. Dakika moja na vijisekunde kila mtu.

---

makontena

Kibarua pole na deni lako lakini hiyo hesabu ya kugawa ndo ugonjwa wenyewe. Nani alisema wagawane? Hii si nyama ya harusi.

Mimi nafanya kazi ya kutoa mizigo Kilindini na naomba niongee kuhusu The Wire, drama ya Marekani, najua ni ya zamani, 2002 mpaka 2008, episodi 60, lakini watu wanaitaja tu kwa polisi na wauza unga wa Baltimore na wanairuka sizini ya pili ambayo ni ya bandari. Ya bandari jamani! Nilipoiona nilihisi kama mtu kaja na kamera ofisini kwetu. Kuna kontena moja limepatikana na maiti za wanawake ndani, sasa hesabu ni watu wangapi wameguswa na lile kontena. Afisa wa bandari aliyelifungua, wapakuaji waliolishusha, karani wa kuandika namba, mkubwa wa chama cha wafanyakazi ambaye anachukua pesa za magendo ili aende kuwapoza wanasiasa gati lipate kazi, mpwa wake, mwanawe, wasmaglaji wenyewe, na polisi wanaosukumiana hiyo kesi kama kiazi cha moto kwa sababu hakuna anayeitaka kwenye vitabu vyake. Watu zaidi ya kumi na sikuhitaji kukumbuka hata jina moja, niliwakumbuka kwa kontena. Karani akisema uongo kwenye kompyuta najua nani atalia baadaye. Ni ile ngazi ya Bi Kibokoni tu ila imekuwa gati.

Na kila sizini wakaongeza chumba kipya, mtaani, bandarini, siasa, shule, gazeti. McNulty ambaye ungesema ndiye steringi, sizini ya nne haonekani sana na stori haikuyumba. Kwetu steringi akikosa siku mbili watu wanapiga simu stesheni.

---

mwana_likoni

Nasoma hii nikiwa kwenye feri, bando linaisha kwa hivyo nitakuwa mfupi (uongo).

Makontena umetoa mfano mzuri lakini ile mtu anatazama ametulia. Mimi mfano wangu ni Lost, ya 2004. Ndege imeanguka kisiwani, kipande cha katikati wamenusurika watu 48, lakini waigizaji wenye kazi mwanzoni 14, wale wengine ni wa kubeba kuni na kufa. Na 14 ni wengi! Ila dawa yao ilikuwa kila episodi ina mwenyewe, leo tunarudi maisha ya nyuma ya mmoja, kesho mwengine, na wewe unajua wa kwako zamu yake yaja. Mwigizaji anaweza kukaa episodi nzima akipasua nazi pembeni na hukasiriki kwa sababu wiki jana alikuwa mfalme.

Sasa sizini ya tatu wakajiona mafundi, wakatoa wawili kwenye lile kundi la wabeba kuni, Nikki na Paulo, ghafla wanaongea kama tunajuana. Watu wakakataa kabisaaa. Mwaka 2007 wakafanywa nini? Wakazikwa hai wote wawili. Ndani ya stori, wamezikwa mchangani, Nikki macho yamefunguka. Mwandishi alijua kosa lake akalichimbia shimo, tofauti na wetu wa kumpeleka mtu Nairobi.

Game of Thrones sitaki hata kuanza. Miaka yote mtu na bara lake, huyu kwenye barafu huyu jangwani, tukawapenda hivyo hivyo. Sizini ya mwisho 2019 episodi zimekuwa 6 kutoka 10 za zamani, wamekusanywa ngome moja, nikawa nangoja watu walioua jamaa za wenzao waangaliane usoni... wengi wamesimama ukutani kama wageni waliofika kabla pilau haijaiva. Kwa hivyo hata pesa zikiwepo sebule yaweza kukushinda. Feri yatia nanga, nashuka

---

mtu_wa_kuze

Nimesoma zote nikimsomea mama kwa sauti, ameuliza kontena lilifunguliwa na nani kwa hivyo makontena umepata mteja.

Ila hapo kwa Lost naona kuna kitu tumeruka. Mama hatazami ametulia. Saa moja na nusu ndo yuko na mbaazi jikoni, nazi ya pili imetiwa, anaingia sebuleni na mwiko mkononi anatoka, nusu ya drama anaisikia tu. Sasa mtu kama huyo utamkumbushaje wahusika 16?

---

bi_kibokoni

Hapo sasa mwanangu umefika penyewe. Drama ya kila siku husikizwa kutoka jikoni, sio mama yako peke yake, sote.

Sisi tulikuwa na redio. Mchezo wa redio una watu kumi na hakuna uso hata mmoja na hukuwahi kuuliza huyu ni nani, manake mtu alifungua mdomo tu ukajua huyu Mbajuni katoka visiwani, huyu Mdigo, huyu mzee wa Kimvita yuwavuta maneno, huyu Muhindi wa duka, huyu kaja juzi kutoka bara Kiswahili bado chamkwama. Hiyo peke yake ni watu watano na hujavaa miwani. Kisha kila mmoja ana neno lake, mwengine hawezi kumaliza sentensi bila kuapa, mwengine ana kikohozi.

Sasa hivi mwenye nyumba yuwaongea kama taarifa ya habari, mkewe taarifa ya habari, mlinzi wa getini aliyetoka Samburu juzi naye taarifa ya habari! Wakigombana ni kama kusikiza mtu mmoja yuwajibishana mwenyewe. Na hao waigizaji wengine nawajua ni watoto wa hapa hapa, ukikutana nao Marikiti wana Kiswahili cha kukukata. Wakifika mbele ya kamera waambiwa wanyooshe. Kunyoosha huko ndo kumewafanya wote sawa, na hakungegharimu hata shilingi kuwaacha.

---

kibarua_wa_seti

Hili la lugha Bi sina jibu, na nilikuwepo. Nilimsikia mwigizaji mmoja akisema "yuwaja" akaambiwa arudie aseme "anakuja" ati watu wa bara hawatafahamu. Mara nne. Mara ya nne akasema vizuri na uso umekufa.

---

makontena

Na watu wa bara hao hao wanafahamu Kispaniola cha wale majambazi wa Money Heist wenye majina ya miji. Sawa.

---

mtu_wa_kuze

Wadau taarifa mpya, ya leo leo. Kaka wakili amerudi kutoka Nairobi!!! Ila ni mtu mwengine. Uso mwengine, mrefu zaidi, ana ndevu. Ameingia na begi, mamake kamkumbatia kama hakuna lililotokea, kamera ikazunguka nyuso zote, dum dum, shangazi wangu yumo.

Mama kaweka mwiko chini kaniangalia mimi.

---

bi_kibokoni

Na mimba je?

---

mtu_wa_kuze

Mimba bado iko Kilifi.