Fundi kafunga darubini ya raifo ovyo, sasa anataka nibadilishe mtutu!

Wakuu, wiki iliyopita nimemfuata nyati mwenye risasi tumboni kwa saa saba, kwenye majani yanayozidi kimo cha mtu, na aliyetangulia mbele yangu kusoma nyayo ni baba wa watoto watano. Tulimpata, tukammaliza, hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini sinyamazi. Risasi ile niliilenga begani, mita 90, raifo imetulia juu ya miti ya kuegemea.

Raifo inapiga .375 H&H, aina ya risasi kubwa ya tangu 1912, na teke lake begani mnalijua. Juni nilimpa fundi mmoja anayejiita bingwa anifungie darubini mpya. Nikapiga tatu, zikakaa pamoja. Zilipofika kama kumi, matundu yakaanza kutawanyika: moja juu kushoto, jingine chini kabisa. Nikamrudishia. "Mtutu mchafu." Akausugua, nikalipa tena, tatu za kwanza zikakaa tena, nikaingia porini nikiamini. Sasa baada ya nyati ananiambia mtutu umeliwa, ninunue mwingine!

Mtutu upi? Nimeng'oa darubini, nikapiga kwa vilengeo vya chuma, mita 50. Matundu matatu nimeyafunika kwa kiberiti. Mtutu mbovu hauwezi hivyo.

Nikageukia besi, kile chuma kinachofungwa juu ya raifo kushika pete zinazobeba darubini. Skrubu mbili za mbele zimezunguka kwa vidole. Kwa vidole, wakuu! Chini yake mafuta yamejaa, hakuna hata tone la gundi ya skrubu, na moja imekatwa fupi, imeshika nyuzi mbili tu. Fundi gani hajui kwamba mashimo yale husafishwa kwa spiriti kwanza? Pigeni hesabu wenyewe: pete zangu zimeachana sentimita 12. Besi ikicheza sehemu moja ya kumi ya milimita, sehemu ambayo jicho halioni kirahisi, mita 100 risasi imehama zaidi ya sentimita 8. Yangu ilikuwa inacheza hadi naisikia ikigonga.

Pete nazo kazikaza kama anafunga tairi la lori. Skrubu za pete zinataka nyutoni-mita 2 hivi, basi. Bomba la darubini limebonyea, na ukizungusha kirekebishi, kile kitufe cha kusogeza shabaha, darubini haiitiki: klik nne zilitakiwa kunisogeza karibu sentimita 3 kwa mita 100, hazisogezi kitu, halafu ukipiga risasi mbili zaidi shabaha inaruka yote kwa mkupuo. Darubini imekufa hiyo. Nilijinyima miezi minane kuinunua.

Mwenye raifo inayotawanya risasi, kabla hujamsikiliza mtu anayetaja mtutu, shika darubini uitikise kwa nguvu, halafu chora alama ya rangi ya kucha kati ya kila skrubu na pete au besi yake. Piga kumi. Alama ikikatika, umeshampata mchawi. Ikibaki nzima, azima darubini ambayo una hakika nayo, uifunge, upige tena. Hii ni kazi ya asubuhi moja, na fundi wangu hakuifanya mara mbili zote alizonilipisha.

Nataka hela zangu zote mbili na thamani ya darubini. Simu hapokei tangu Jumatatu. Kesho nakwenda dukani kwake na zile skrubu kwenye kiberiti, anieleze mbele ya wateja wake mtutu wangu unahusika vipi.