Naomba ushauri: wenzangu wanataka kumwacha Zari njiani

Habari zenu ndugu wasomaji. Kikundi chetu cha kusoma, akina mama watupu, tunasoma Savushun ya Simin Daneshvar, riwaya ya Iran iliyotoka 1969, kwa tafsiri ya Kiingereza. Mimi ndiye naongoza mazungumzo.

Hadithi iko Shiraz, mji wa Iran, wakati wa Vita Kuu ya Pili; majeshi ya Uingereza yamo nchini na chakula ni shida. Yusuf anakataa kuwauzia nafaka yake. Mkewe Zari anachotaka ni vita visiingie nyumbani kwake. Hereni zake za zumaridi zinaazimwa harusini, hazirudi, ananyamaza.

Hapo ndipo tulipokwama. Wengi wanamwona mwoga, na baadhi wameanza kukiweka kitabu kando. Mimi namwona mama mjamzito anayewalinda wanawe, na naumia wakimhukumu mapema hivi. Nilijaribu kuwaeleza historia ya 1941, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilipoivamia Iran, ikawa kama darasa, wakachoka.

Mliokisoma, je, niwasimulie sasa kisa cha kwenye Shahnameh, utenzi wa kale wa Iran, cha Siyavash, mwana wa mfalme ambaye jina la riwaya hii linatokana na maombolezo yake, au nisubiri tumalize? Na ni tukio gani linaloonyesha Zari akianza kubadilika, bila kuwafichulia mwisho? Tunakutana Jumamosi.