Mrejesho: kontroli boksi ya ABS imetoka salama

Wakuu, nilipouliza kama kontroli boksi ya ABS (kompyuta ya mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla) inatoka bila kufungua paipu za breki, wengi mlisema inategemea gari. Kweli. Yangu imefungwa kwa bolti ubavuni mwa bloku ya vali, yaani kile chuma kinachopitisha mafuta ya breki, kwa hiyo imetoka peke yake na mafuta ya breki hayakudondoka hata tone.

Nilichomoa waya hasi wa betri kwanza, nikapuliza vumbi lote kwa kompresa, ndipo nikavuta kishikio cha plagi kubwa. Plagi ya mota ya pampu nayo msiisahau. Bolti ni ndogo, za nyota ya pembe sita, na za chini hazifikiki. Moja ilinila karibu saa nzima. Aliyenionya nisichokonoe kwa bisibisi, Mungu akubariki mkuu: ndani kuna koili zimevaa juu ya vali, ukipinda boksi unaziharibu. Nilivuta sawasawa, taratibu, ikaachia. Vali nikazifunika kwa mfuko safi.

Fundi wa elektroniki alikuta risasi ya kulehemu imepasuka kwenye pini za umeme wa pampu, akachomea upya. Nimerudisha boksi ileile, hivyo hakuna mambo ya kuprogramu. Taa ya ABS kwenye dashibodi imezimika.

Zile siku tatu boksi ikiwa kwa fundi, gari lililala. Jirani alisema breki za kawaida bado zinashika. Sawa, lakini kwenye gari hili boksi hiyohiyo ndiyo inayogawa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma. Na mvua hizi? Hapana.