Kufufua blogu ya Mwanza iliyolala tangu 2013: nianze na nini?

Msafiri wa Kamanga

Wakuu, habari za majukumu. Nina blogu kwenye Blogger (huduma ya blogu ya Google) iliyokuwa ikiandika mambo ya kandokando ya ziwa: usafiri wa Sengerema na Ukerewe, bei za dagaa soko la Mwaloni Kirumba, sehemu za kutembelea. Ilikuwa na jina la .com, malipo yakakatika, jina likachukuliwa na watu wa kamari. Sasa hata anwani ya zamani ya blogspot, ile ya bure ya Blogger, ukiibofya inakupeleka hukohuko kwenye kamari. Picha kadhaa hazifunguki. Nataka kurudi kuandika, si kwa biashara. Nifute nianze upya, nihamie WordPress, au nikarabati hii hii? Na wasomaji nawarudia vipi baada ya kimya chote hiki?

Fundi Nyegezi

Usifute kitu, mkuu. Kwanza hakikisha akaunti yenyewe ni nzima. Google ilianza Desemba 2023 kuondoa akaunti zisizotumika kwa miaka miwili, kwa hiyo kama bado unaingia, badili nywila leo na uweke namba ya simu unayotumia sasa. Laini ya zamani iliyofungwa huenda imeshauzwa kwa mtu mwingine, na misimbo ya uthibitisho itamfikia yeye.

Hilo la kamari linatoka kwenye mpangilio wako mwenyewe. Blogger bado inaamini kikoa kile (lile jina la .com) ni chako, kwa hiyo kila anayegonga blogspot inamsukuma huko. Ingia Mipangilio, sehemu ya uchapishaji, ondoa kikoa maalumu. Anwani ya blogspot itafunguka tena.

Kisha nakala rudufu, kabla hujagusa posti hata moja. Mipangilio ina sehemu ya kuhifadhi nakala. Utapata faili la XML, yaani faili la maandishi lenye posti zako zote. Wengi wanaishia hapo wakidhani wamemaliza. Faili hilo lina maandishi, maoni na anwani za picha tu. Picha zenyewe hazimo. Pitia Google Takeout (ukurasa wa Google wa kushusha data zako), uchague Blogger pamoja na Google Photos, ushushe kwenye kompyuta ukiwa na Wi-Fi. Bando la simu litakulilia.

Picha zilizopakiwa Blogger moja kwa moja kwa kawaida bado zipo. Ukiona ni ndogo na zina ukungu, angalia anwani ya picha: katikati kuna kitu kama /s320/. Weka /s0/ badala yake, utapata ukubwa ule uliopakiwa. Zilizokufa kabisa mara nyingi zilikuwa zimehifadhiwa kwenye tovuti nyingine. Bandika anwani ya posti kwenye web.archive.org, tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani, tena ile ya kikoa cha zamani, maana hiyo ndiyo iliyokuwa ikinakiliwa. Chagua tarehe ya kabla jina halijachukuliwa.

Mwisho, posti zako zenyewe zina viungo vya ndani vinavyoelekea kikoa kile, na hivyo vyote ni milango ya kamari. Tafuta jina la kikoa ndani ya XML kwa kihariri cha maandishi upate orodha, halafu rekebisha posti mojamoja. Kubadili yote kwa mkupuo ndani ya XML na kuipakia tena inawezekana, ila jaribu kwanza kwenye blogu tupu ya majaribio.

Kijana wa Igoma

WordPress ya kujihudumia, yaani unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe, ni nzuri, lakini kuna seva ya kulipia kila mwaka, programu-jalizi za kusasisha, na toleo la PHP (lugha inayoiendesha WordPress) likizeeka templeti inavunjika. Samahani mkuu, aliyepoteza kikoa kwa kusahau malipo nitampaje na seva? Blogger ukisahau kulipa kikoa, maandishi yanabaki.

Ukinunua kikoa kipya, rekodi za kuweka kwa aliyekuuzia, zinazoelekeza jina kwenye blogu yako, ni hizi: CNAME ya www iende ghs.google.com, CNAME ya pili ile ya uthibitisho utakayopewa na Blogger, na rekodi A nne: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Kosa la kawaida ni kuweka www tu na kuacha A, basi anayeandika jina bila www anakuta patupu. HTTPS (muunganisho salama) inaweza kuchukua hadi siku nzima kukubali. Usianze kufutafuta rekodi kwa haraka.

Dada Nansio

Mafundi wamemaliza yao, mimi nizungumzie maandishi. Tenganisha posti za mwongozo na za kumbukumbu. Mwongozo uliopitwa na wakati unampotosha msafiri. Ukisema kwenda Sengerema kwa kupitia Busisi lazima usubiri kivuko, hiyo imekwisha: Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 19 Juni 2025. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Posti za kabla ya 2012 zinazoweka Geita mkoani Mwanza nazo zirekebishwe. Weka juu kabisa mstari wa "Imesahihishwa" na tarehe, anwani ya posti iache ilivyo, maana watu wameihifadhi na wengine wameiunganisha.

Za kumbukumbu usiziguse. Posti ya wavuvi wa dagaa na karabai zao ina thamani zaidi sasa kwa kuwa taa za sola zimeingia.

Kuhusu wasomaji: usianze na posti ya kuomba radhi kwa kupotea. Haimsaidii mtu, na ndiyo inakaa juu ya ukurasa mwezi mzima ukikwama tena. Andika tatu kamili, zikae rasimu, ndipo utoe ya kwanza. Maneno 400 yanatosha. Wale waliojiandikisha kwa barua pepe usiwategemee, huduma ile ya FeedBurner ya kuwatumia posti kwa barua pepe ilisimamishwa 2021. Siku hizi watu watakuja kwa kiungo cha WhatsApp, kwa hiyo picha ya kwanza na mistari miwili ya mwanzo ndiyo mlango wako.

Msafiri wa Kamanga

Ahsanteni sana. Dada, zile posti za bei za dagaa nizifanyeje? Bei zote zimepitwa.

Dada Nansio

Ziache kama kumbukumbu, ila tarehe ionekane kwenye kichwa cha habari. Kwa mpya, taja soko, kipimo (ndoo, gunia au kilo), na hali ya mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Bei isiyo na kipimo wala giza au mbalamwezi haimsaidii mnunuzi.

Kijana wa Igoma

Nyongeza moja. Wakati blogu yako imelala, zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Soma toleo la sasa kwenye tovuti ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) uone kama aina yako ya blogu inahitaji leseni, hasa ukianza kugusa habari na matukio. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha posti mpya. Na picha za simu, zima GPS ya kamera, inayoandika mahali picha ilipopigwa, kabla ya kupiga za nyumbani kwa watu.