Naombeni ushauri: madaftari matatu yamejaa utafiti, riwaya haisogei

Kalamu ya Usiku
Wakuu, wakubwa shikamooni.

Mwaka wa pili huu naandika riwaya ya vijana, wale wa miaka 13 hadi 17, kuhusu Vita Kuu ya 1914–1918 ilivyopita kwetu. Wazo nililipata Dar es Salaam, pale kwenye Sanamu ya Askari. Nilikuwa namsubiri mtu, kachelewa, nikaanza kusoma maandishi ya chini ambayo nimeyapita miaka yote. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nikainua macho: juu kasimama askari na bunduki yake. Mpagazi hayupo. Nilirudi nyumbani na hasira, na usiku uleule nikaandika kurasa sita.

Mhusika wangu anaitwa Sikujua, ana miaka 13, baba yake ni askari wa Mjerumani. (Wake na watoto wa askari walifuatana na jeshi porini, wengi hawalijui hilo.) Anatembea na safu ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, mpaka wanavuka mto Ruvuma, Novemba 1917.

Tatizo ni kwamba nikikaa kuandika, kila sentensi inanirudisha kwenye vitabu. Juzi nimemaliza saa mbili nzima natafuta jinsi askari walivyofunga vitambaa vya miguuni, halafu sentensi yenyewe nikaifuta. Naandika saa nne usiku, watoto wakishalala. Nina madaftari matatu ya maelezo na kurasa 40 za hadithi, na hizo 40 zimekufa. Wenzangu mnafanyaje?

Mpiga Ramli
Mkuu hiyo si riwaya, ni tasnifu. Kajiandikishe chuo upewe na joho 😂

Mama Jalada
Marahaba mwanangu. Nimeandika mbili za namna hiyo, kwa hiyo ugonjwa wako naujua. Saa ya kuandika, vitabu vya historia vikae chumba kingine na simu ikae huko huko. Ukikwama kwenye jambo usilolijua, andika XX, songa mbele. Mimi rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na XX zaidi ya mia, na nilipokuja kuzijaza nikakuta nusu hazikuhitajika, maana mtoto wa kwenye hadithi hakuwa na sababu ya kuyatazama hayo mambo.

Halafu saa nne usiku unaandika na masalia ya siku. Jaribu saa kumi na moja alfajiri, hata dakika arobaini tu. Na usisubiri uishiwe ndipo uache. Mimi naacha mhusika akiwa ameshika mlango, hajaufungua. Kesho yake nikikaa, nina pa kuanzia.

Rupia Moja
Mimi napinga kidogo kwa Mama Jalada. Utafiti ndio unaozaa tukio, ila utafute vitu vya kushika mkononi, uachane na mipango ya majenerali. Mfano: meli za Uingereza zilipofunga bahari, Wajerumani walipika dawa ya malaria wenyewe kwa magome ya mti wa kwinini. Ilikuwa chungu kupindukia. Mnyweshe Sikujua hiyo dawa na tayari una ukurasa mzima.

Na angalia maneno. Asiseme "shilingi", wakati huo ni rupia na heller. Asiseme "Tanganyika" kwa maana ya nchi, jina hilo tulipewa na Waingereza 1920.

Mwl. Kidato cha Pili
Nawasomea wanafunzi wangu kwa sauti kila Ijumaa. Wakianza kutazama dirishani, naweka alama ya penseli pale pale. Karibu kila mara alama inaangukia mahali mwandishi anapoeleza vita badala ya kumwonyesha mtu. Vifo na njaa haviwashtui kama watu wazima wanavyodhani, kinachowachosha ni kufundishwa. Lugha nayo, usiwape misimu ya leo, lakini usimfanye binti wa miaka 13 aongee kama utenzi.

Mzigo Kichwani
Ndugu mleta uzi, nimesoma bandiko lako mara mbili. Hasira yako ilikuwa ya mpagazi. Sasa mbona umeandika binti wa askari?

Kalamu ya Usiku
@Mzigo Kichwani umenipata pabaya. Jibu la kweli ni kwamba habari za askari zilipatikana. Maafisa waliandika kumbukumbu zao, wana picha, wana tarehe. Mpagazi anatokea kama idadi tu, au anatajwa siku aliyotoroka. Nikafuata palipo na karatasi bila kujijua.

Mzigo Kichwani
Basi si lazima umfute binti. Vyombo vya familia yao, sufuria na mikeka, nani alivibeba?

Mama Jalada
Ee! Hapo sasa.

Rupia Moja
Na hilo hulikuti kwenye jalada lolote. Hapo nakubali, funga vitabu.

Kalamu ya Usiku
Nimekaa na hilo swali siku nne. Leo nimeamka saa kumi na moja kama Mama alivyosema, madaftari nimeyaacha sebuleni. Safu imepumzika kando ya mto. Kijana aliyebeba vyombo vyao tangu Tabora kaenda kuchota maji, na Sikujua anajaribu kuuinua ule mzigo, kwa udadisi tu. Haunyanyuki. Anajaribu tena kwa mikono miwili, na anapogeuka anamkuta kijana amesimama nyuma yake na kibuyu, anamtazama.

Nimeacha hapo. XX mbili tu: jina la mto, na jina la kijana, maana Sikujua mwenyewe halijui.

Mpiga Ramli
Mkuu ile ya joho naifuta. Kesho saa kumi na moja tupo hapa, anasema nini huyo kijana?