Traka za GPS za kuchomeka kwenye magari ya mizigo: naombeni ushauri kabla sijachanganyikiwa

MamaMaji

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Nasambaza maji ya chupa, stoo yangu iko Buguruni. Nina Probox mbili, Noah moja na Canter mbili za injini 4D33. Kinachonisumbua ni mafuta. Canter ya mjini, inayozunguka Mbagala na Kigamboni, inamaliza dizeli karibu sawa na ile inayokwenda Chalinze na kurudi. Dereva nikimuuliza ana jibu moja tu: foleni.

Basi nikanunua traka tano za kuchomeka, zile ambazo muuzaji anakwambia "hazina haja ya fundi, chomeka uendelee na maisha". Probox zilikubali siku hiyohiyo. Noah nayo ilikubali, lakini ikalala siku 20 kwa fundi wa rangi, kwenda kuichukua betri imekufa, ikabidi tubusti. Canter nimetafuta tundu chini ya usukani hadi shingo ikauma, hakuna. Halafu Probox moja inapotea kwenye ramani kila jioni kuanzia saa moja, asubuhi inarudi kama hakuna kilichotokea.

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Na je, hivi vitu vinaweza kunionyesha mafuta yangu yanakokwenda?

FundiWaya

Mama, hujaibiwa, ila muuzaji hakukuuliza una magari gani.

Tundu unalolitafuta ni la OBD, lile fundi anachomeka mashine ya kupimia gari, lina pini 16. Marekani walilifanya la lazima kwa magari mapya mwaka 1996. 4D33 ni injini ya pampu ya kizamani, haina kompyuta, kwa hiyo hata ungelipata tundu lisingekuwa na la kukwambia. Canter zifungie traka ya waya: waya mmoja kwenye moto wa kudumu, mmoja kwenye bodi, mmoja kwenye swichi. Pima volti kabla ya kufunga! Canter nyingi zina betri mbili, yaani volti 24, na traka ya volti 12 pekee utaisikia harufu yake tu. Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na traka.

Noah sasa. Pini ya 16 ya tundu lile ina moto muda wote hata ukizima swichi. Traka nzuri hulala gari likizimwa. Isiyolala, tuseme inavuta miliampea 100, kwa siku ni ampea-saa 2.4. Zidisha mara 20 upate 48, na betri ya Noah iliyochoka haina hata hizo. Gari likilala gereji, chomoa.

Ile ya jioni, fungua programu uangalie vizuri. Kifaa kikiwa hewani lakini setilaiti ni sifuri, gari linalazwa chini ya bati au kwenye maegesho ya chini ya jengo. Kikiwa kimekatika kabisa, ama kimechomolewa ama bando limekwisha. Na bando halirudi lenyewe kila asubuhi, mama.

KichwaNgumu

Weka ya kuzima injini kwa simu. Akipotea unamzimia hukohuko, anatembea kwa miguu.

FundiWaya

@KichwaNgumu ya kuchomeka haizimi injini, hiyo ni kazi ya traka ya waya yenye relei, yaani swichi ya umeme inayokata moto. Na ukimzimia mtu akiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito na breki zinakuwa nzito. Ana tani za maji mgongoni. Utakwenda kumtembelea Muhimbili, wewe na polisi.

LainiMbili

Naongezea upande wa laini maana ndiko watu wengi hukwama. Laini isajiliwe kwa jina la biashara au lako, usichukue ya dereva, siku akiacha kazi anaondoka na gari lako mkononi. Ondoa PIN ya laini ukiwa bado na simu, ndipo uihamishie kwenye traka. APN, yaani mpangilio wa kuunganisha laini na intaneti, iwe ya mtandao husika. Zangu hazimalizi megabaiti 50 kwa mwezi, kwa hiyo usinunue bando la kuangalia sinema.

Na nenosiri! Traka nyingi za bei poa zinakuja na 123456. Mwaka 2022 CISA, idara ya usalama wa mtandao ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu traka moja iliyokuwa na tatizo la namna hiyo: mtu baki angeweza kuona magari yalipo. Badilisha leo.

DerevaMstaafu

Shikamoo si yangu kutoa, mimi ni mzee, marahaba. Nimeendesha miaka mingi, niseme upande wa pili.

Traka haikunisumbua. Kilichonisumbua ni simu. Nikisimama dakika tano, tajiri anapiga. "Mbona umesimama?" Nimeshuka kujisaidia, tajiri! Nikafika mahali nikawa nakichomoa ili nile chakula kwa amani. Kwa hiyo mama, huyo wa jioni muulize kwanza, usianze na kumwita mwizi. Na kama uliwawekea kimyakimya, hapo umekosea.

BiMahesabu

Mzee amesema kweli, na sheria iko upande wake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Waambie madereva kwa maandishi kifaa kinarekodi nini na kwa sababu gani, wasaini.

Kuhusu mafuta, usiitegemee traka ya kuchomeka. Magari mengi hayatoi kipimo cha tangi kwenye lile tundu, na gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina tundu lilelile lakini mara nyingi linaongea lugha yake. Traka inapata umeme, inaonyesha mahali, basi. Mtu akinyonya lita kumi kwa mpira, haioni.

Mimi nafanya hivi: jaza fulu kituo kilekile, andika kilomita, wiki ijayo jaza fulu tena. Lita ulizoongeza ndizo zilizotumika. Halafu linganisha na kilomita za traka, usilinganishe na za dashibodi peke yake. Na angalia muda ambao gari lina moto lakini mwendo ni sifuri. Huko ndiko nilikoikuta pesa yangu.

MamaMaji

Wiki tatu zimepita, narudi na majibu maana sipendi watu wanaouliza halafu wanapotea.

Canter zote zimefungwa za waya, kweli ni volti 24. Wa Probox alikuwa anachomoa, jioni anabeba abiria wa Gongo la Mboto. Tumeshamalizana, sisemi zaidi. Nimewakalisha wote, wamesaini, na nimeapa sipigi simu gari likisimama chini ya nusu saa. Hii ya mwisho inanitesa.

Sasa Canter ya mjini. @BiMahesabu Mungu akubariki. Kilomita ni sahihi kabisa, hakuna mchepuko hata mmoja. Ila kila siku ina saa nne, tano, swichi iko wazi na gari limesimama. Nilijua nimemshika. Nikaenda Mbagala bila kuaga, nikamkuta anashusha katoni na vijana, injini inanguruma. Namuuliza kwa nini huzimi? Akanitazama kwa adabu tu. "Mama, stata. Nilikwambia mwezi wa pili. Nikizima, haliwaki hadi lisukumwe, na likiwa na mzigo halisukumiki."

Nikakumbuka. Aliniambia, na mimi nikamjibu tutaangalia. Hata kama inakula lita moja tu kwa saa ikiwa imesimama, pigeni wenyewe hesabu ya siku sita kwa wiki, tangu mwezi wa pili.

@FundiWaya, stata ya 4D33 ya volti 24, bora niifanyie ukarabati au nitafute nyingine? Nijibu leo, kesho gari halitoki.

FundiWaya

Ifungue kwanza uangalie brashi zake, mara nyingi ni hizo tu. Nakuja saa mbili asubuhi. Mwambie dereva asizime hadi nifike.